Gauni Ambalo Halijakauka

Amoit,

Sitakuandikia habari ya sweta. Sweta iko juu ya begi, utaiona, na kama hutaki kuivaa kwenye baridi ya huko chuoni Nakuru hilo ni shauri lako na kifua chako. Sitakuandikia habari ya kula, wala ya kulala mapema, wala ya wavulana. Hayo nimekuimbia tangu darasa la sita, na ule uso unaonikunjia nikianza naujua. Leo nina jambo moja tu, na nimelianza mara tatu. Karatasi mbili nimeshazikunja nikafungia vifungo vya wateja.

Niko dukani, saa kumi imepita kidogo. Wewe umeenda Angurai kumuaga tata wako, na namjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujamaliza kuku mzima, kwa hivyo nina mpaka jua litue. Nabwire yuko nyumbani anafua. Anafua nguo zako za safari, Amoit. Nilipita saa nane nikamkuta anasugua kola ya blauzi yako nyeupe utadhani ni yeye atakayeivaa. Kesho asubuhi msichana huyo wetu wa kazi anapakiwa kwenye pikapu ya baba yako, avushwe mpaka, arudi kwao Uganda kwa sababu ya ng'ombe. Kisha pikapu hiyo hiyo ikupeleke wewe steji. "Ni njia moja," baba yako alisema. Nimeshona na hayo maneno kichwani tangu juzi, na kila mshono unatoka kombo.

Turudi asubuhi ya juzi, ndiyo tuelewane. Ng'ombe wetu mwenye mimba alikutwa alfajiri kando ya barabara kuu, amegongwa na trela kwenye foleni ya kuingia forodhani. Geti letu lilikuwa wazi. Baba yako aliingia jikoni na damu kwenye viatu, akakataa kuketi. "Nani alifunga geti jana?" Nabwire akasema, "Ni mimi, baba. Nilifunga saa mbili, ufunguo nikauangika kwenye msumari." Baba yako akasema, "Basi lilijifungua lenyewe?" Halafu akakugeukia. Ukasema, "Si mimi." Akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa nakoroga chai. Nilikoroga, nikakoroga, na sukari nilikuwa sijatia.

Nilisikia mnyororo, mwanangu. Saa sita za usiku nilikuwa macho, mgongo ulikuwa unaniuma. Ulikuwa umetoroka kwenda kuagana na wenzako huko mjini, na baba yako alikuwa amekukataza. Nikasikia umerudi, mnyororo ukigonga chuma cha geti, nikasikia miguu yako mitupu kwenye saruji, nikangoja kuusikia mnyororo mara ya pili. Sikuusikia. Nikajiambia, wacha tu, mtoto anaondoka wiki hii, nitaamka nifunge mwenyewe. Halafu usingizi ukanichukua. Kwa hivyo usifikiri nimekaa hapa na kidole nimekinyoosha kwako peke yako. Geti hilo tuliliacha wazi watu wawili, na anayefukuzwa ni wa tatu.

Sisi watu wa Malaba tuna tabia moja ambayo huko Nakuru hutaikuta, kwa sababu hawana daraja letu. Kitu kikitushinda, tunakivusha. Msichana wa kazi akishika mimba, avushwe. Akiugua ugonjwa wa kueleweka vibaya, avushwe. Kikombe kikivunjika na hatutaki kujua nani alikivunja, tunamwita wa boda, tunamwambia ampeleke mpaka upande wa pili, na tunarudi kula chakula cha mchana. Hata mbwa wa jirani aliyeuma watoto alivushwa. Na wa ng'ambo nao wanatufanyia hivyo hivyo, usidhani ni malaika. Ukishavuka daraja umekuwa mambo ya serikali nyingine. Nilizaliwa nikaikuta tabia hii, na nimeitumia, na nataka nikueleze nilivyoitumia. Hii hujawahi kuisikia. Hata baba yako hajui.

(Mteja ameingia. Anataka mabega ya gauni lake la gomesi yasimame zaidi, ati wakwe wamwone kutoka mbali. Nimemwambia yakisimama zaidi ya hapo atashindwa kupita mlangoni. Ameondoka akicheka, mimi nimerudi kwenye kalamu.)

Unaujua ule mchezo. Sahani ya Tano. Unaujua kuliko mimi, lakini niache niuseme kwa mdomo wangu. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliuandika zamani, hata mimi sijaingia kidato cha kwanza, na shule yetu haijaacha kuucheza mpaka leo. Familia ya tajiri imeketi mezani, baba, mama na watoto wawili. Usiku wa mvua, mtumishi wao mgonjwa anabisha mlango wa nyuma na hakuna anayemfungulia, kila mmoja anadhani mwenzake ataamka. Asubuhi amekufa kizingitini. Kabla hawajaamua la kufanya, baba wa yule msichana anafika kutoka kijijini kumtembelea mwanawe, na wao kwa aibu wanamkaribisha mezani, wanamwekea sahani ya tano. Mzee anakula. Anasifu mchuzi. Kisha anauliza, "Nani alifunga mlango?" Na mmoja mmoja wanajibu, "Si mimi." Unajua ukumbi unavyofanya hapo. Wazazi, walimu, watoto waliopanda madirishani, wote wanaitikia kwa pamoja, "Si mimi!" na kucheka, kwa sababu kila mtu hapa amekua na maneno hayo. Tunayapenda kabisa.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipewa kucheza mtumishi. Mtumishi hana maneno mengi, unakumbuka, kazi yake ni kutembea, kubisha na kufa. Nikawa sijui nianzie wapi. Nyumbani kwetu, wakati huo tukikaa karibu na soko, tulikuwa na msichana wa kazi aliyeitwa Apio, kutoka Tororo, umri wake na wangu mmoja. Nikamwambia, "Apio, hebu bisha mlango nikuone." Akacheka mpaka akashika tumbo. "Kwani mtu anafundishwa kubisha?" Nikamsihi. Akatoka nje, akafunga mlango, akabisha. Hakubisha kwa kidole kilichokunjwa. Alibisha kwa kiganja, taratibu. Nikamuuliza mbona hivyo. Akasema kwa heshima ya kwao, "Nyabo, ukigonga kwa mfupa walio ndani wanakasirika. Kwa kiganja wanasikia, lakini hawakasiriki."

Nilimchukulia kila kitu. Kiganja, mwendo, ile namna ya kujifuta mikono kiunoni kabla ya kupokea kitu. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa ananirekebisha, "Hapana, usiniangalie machoni, mimi ni mama mwenye nyumba," kisha tunaangua kicheko sote wawili. Mama alikuwa amemwahidi kwamba Januari atampeleka kwa fundi wa cherehani pale sokoni akajifunze kushona. Nafasi ilikuwa imeshaombwa. Apio alikuwa akichora magomesi kwa mkaa nyuma ya jikoni.

Sasa, yule mwenzangu aliyecheza mke wa tajiri hakuwa na nguo ya kitajiri. Nikajitia ujuaji. Nikafungua sanduku la mama, nikatoa gomesi yake ya hariri, ile ya rangi ya zambarau aliyoletewa kutoka Kampala na haivai ila kwenye harusi. Tukafanya mazoezi nayo. Pindo likachafuka. Nikairudisha kwa siri, nikafua lile pindo, na Alhamisi mama akiwa kanisani nikawasha pasi ya makaa nyuma ya jikoni. Sikuwahi kupiga pasi hariri maishani mwangu. Kupiga pasi ilikuwa kazi ya Apio. Niliweka tu, nikasikia harufu, nikainua. Kwenye bega kulikuwa na tundu lenye umbo la ncha ya pasi. Nikaikunja tundu likae ndani, nikairudisha sandukuni. Apio alikuwa anachota maji. Alinikuta nikimwaga makaa, akaangalia pasi, akaniangalia mimi, akapita.

Ijumaa mama akaitoa gomesi aende kwenye mahari ya ndugu yake. Ulie usilie, ile sauti hutaisahau. "Apio!" Apio akaja akijifuta mikono kiunoni. "Sijui, mama," akasema. Mama akasema, "Nani anapiga pasi katika nyumba hii? Mimi?" Kisha akanigeukia. "Wewe unajua kitu?"

Mchezo ulikuwa kesho yake. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja. Mama akijua, jukwaani sipandi, hilo lilikuwa wazi kama mchana. Na maneno yalikuwa tayari mdomoni, nilikuwa nimeyasikia kwenye mazoezi wiki tatu nzima. Nikasema, "Si mimi."

Mama hakupiga mtu. Hakuwa wa kupiga. Alisema tu, "Mpeleke mpaka darajani. Hakikisha amevuka." Aliniambia mimi, mtoto mkubwa mwenye kuaminika! Apio akakusanya vitu vyake kwenye mfuko wa karatasi. Tulipofika uani akasimama, akaangalia kamba. Gauni lake la maua ya manjano, alilofua asubuhi, lilikuwa linaning'inia. Akalishika. "Gauni langu bado bichi," akasema. Nikamwambia, "Usijali, nitakuletea."

Tulitembea kando ya malori. Daraja wakati huo watu walikuwa wanapita tu, hakuna aliyekuuliza. Katikati, juu ya mto, akasimama akanikabili. Siku hiyo aliniangalia machoni. Akasema, "Mbele ya mama nilinyamaza nikuachie nafasi. Nilijua utasema." Mimi nikaangalia maji. Akangoja. Nakuapia, Amoit, alingoja muda mrefu mpaka wa boda mmoja akatupigia kengele tumpishe. Kisha akasema, "Haya, sema ukifika nyumbani," akavuka.

Sikusema nilipofika nyumbani. Na Jumamosi nilipanda jukwaani nimevaa gauni lake la maua. Lilikuwa limekauka. Nilibisha kwa kiganja, nikafa kizingitini, na wanawake wazima walitoa leso wakalia. Mgeni mmoja alinishika kichwa akasema huyu mtoto ana moyo, ameyaelewa maisha ya mnyonge. Nililia kweli pale jukwaani, watu wakadhani ni kuigiza. Nilipewa zawadi mbele ya mama yangu, naye akapiga makofi. Sijawahi kujichukia namna ile, na wakati uo huo nilikuwa nafurahi. Vyote viwili vilikuwemo, sitakudanganya.

Januari ilipofika nafasi ya kwa fundi ilikuwa haina mtu. Mimi sikuwa mwanafunzi wa kuwatia watu wivu, unajua hilo, umeona ripoti zangu ukanicheka. Nilipomaliza shule mama akanipeleka mimi kwa fundi yule yule. Cherehani hii iliyokusomesha, hii unayoisikia ikilia tangu uko mgongoni, kiti chake kilikuwa cha mtu mwingine. Watu wanapita hapa wanasema, mama Amoit anashona gomesi kama aliyezaliwa nayo. Mimi nainamisha kichwa, nasema asante.

Mwaka jana ulisomewa insha yako siku ya zawadi. Nilikaa mstari wa pili, nikajivunia mpaka shingo ikauma. Uliandika juu ya Sahani ya Tano. Uliandika matabaka, ukaandika tena matabaka, ukaandika kwamba kosa la kifo cha mtumishi ni la jamii nzima, kwa sababu jamii ndiyo iliyowajengea watu wengine mlango wa nyuma. Ni kweli kabisa. Ilikuwa insha safi na walimu waliitikia kwa kichwa. Lakini mimi nilikaa pale nikajiuliza, jamii ni nani jamani? Jamii ndiyo iliyoshika pasi? Juzi jamii ndiyo iliyofungua mnyororo saa sita za usiku? Sisemi uliandika uongo. Nasema mimi mwenyewe nilijificha ndani ya neno kubwa kama hilo miaka mingi. Nilijiambia mambo ya mpakani ndivyo yalivyo, wote wanavusha, mama ndiye aliyemfukuza, mimi nilikuwa mtoto. Yote ni kweli, na Apio alikuwa ng'ambo.

Ulipokuwa darasa la tatu nilishindwa kuvumilia. Nikashona gomesi mpya, hariri, zambarau, kila mshono kwa mkono, nikavuka, nikaenda soko la Tororo. Niliuliza siku mbili. Nikampata anauza chakula, matoke na mchuzi wa karanga, mwanamke mnene kidogo, kanga mabegani. Nilikuwa nimejiandaa kujitambulisha. Hakuningoja. "Karibu ukae, nyabo," akasema, akanipakulia sahani. "Wewe ni yule wa mchezo." Nikala kidogo, nikatoa gomesi. Akanawa mikono ndipo akaishika. Akageuza bega akaangalia mishono kwa ndani, pale anapoangalia fundi. "Umeshona vizuri," akasema. Kisha akaniuliza, uso mkavu kabisa, "Na gauni langu, limekauka?"

Nikacheka. Naye akacheka, tukacheka kama zamani kwenye ndoo. Halafu yeye akaacha na mimi nikawa bado nacheka peke yangu. Akauliza, "Mama yako ulimwambia?" Nikasema bado. Akaikunja gomesi polepole akairudisha kwenye karatasi yake. "Basi aliyeunguza bado ni mimi," akasema. "Hii siwezi kuvaa. Mtu akiniuliza imetoka wapi nitamwambia nini?" Akanisindikiza mpaka barabarani na akanipa karanga nikuletee. Ulizila. Hukumbuki, lakini ulizila.

Na gauni lenyewe, Amoit, lilikuwa wapi? Unalijua. Lilibaki kwenye sanduku la mavazi la shule. Kila mtumishi wa Sahani ya Tano amelivaa tangu siku ile. Ulipokuwa kidato cha tatu nawe ukapewa kumcheza mtumishi, mwalimu wenu aliniletea hapa dukani nilitie viraka. Nilifungua mfuko nikaona maua ya manjano. Ningelikamata papo hapo nikavuka nalo. Badala yake nikalitia viraka nikalirudisha shuleni kwa wakati, na jioni nikakufundisha nyumbani kubisha kwa kiganja. Ulipobisha ukumbi ulinyamaza. Mzee alipouliza nani alifunga mlango, ukumbi mzima ukaitikia, na mimi kinywa changu hakikufunguka. Uliniuliza usiku ule kama niliumwa. Nilikuambia ni kichwa.

Jana asubuhi, siku moja baada ya ng'ombe kufa, Nabwire alikuja kunigongea chumbani kuniuliza akanunue maziwa kwa nani maana yetu hakuna tena. Alibisha kwa kiganja. Hakuna aliyemfundisha. Nilikaa kitandani na kitambaa cha kichwa mkononi. Msichana huyu Jumapili huwa namkalisha kwenye cherehani hii hii, ameshaanza kujua kusimamisha bega.

Leo saa tano, wewe ukiwa njiani kwenda Angurai, nilimpigia tata wako simu kabla hujafika. Nikamwambia, "Mama, unamkumbuka Apio?" Akasema, "Apio gani?" Nikasema msichana wetu wa kazi, wa Tororo. Akatafuta kichwani. "Aa, yule aliyeniunguzia gomesi?" Unaona? Mtu amepotea, gomesi imebaki. Nikasema, "Hakuiunguza yeye, mama. Ni mimi." Nilisikia kuku wake, nilisikia redio. Nikangoja anilaani au alie. Akasema, "Sasa mimi unaniambia ili nifanye nini? Mimi nina gomesi nyingine." Kisha, sauti imepungua, "Kumbe mtoto wa watu alikuwa anasema kweli." Akakata. Kama leo umemkuta mkali au mkimya, si wewe, ni mimi.

Nilikuwa nimefika hapa, baba yako akaingia. Alikuja kuchukua suruali yake. Nimeweka kalamu chini. Nimemwambia hata sijapanga, "Nabwire alifunga lile geti. Saa sita nilisikia mtu analifungua, na halikufungwa tena, na mimi nililala nikijua liko wazi." Akanitazama. Unajua jicho lake. "Ulisikia nani?" Nikasema, "Huyo ana mdomo. Mpe mpaka wakati wa chakula cha jioni." Akasema, "Na asiposema?" Nikasema, "Basi nitasema mimi, mezani, mbele ya Nabwire, na nitaanza na langu." Akakunja suruali akaitia kwapani. Mwisho akasema, "Kwa hivyo juzi nilimfokea bure." Baba yako si mtu mbaya, anaogopa tu kuonekana hajui mambo ya nyumbani kwake. Atawaka, hilo nakuahidi. Anaweza kusema Nakuru huendi. Nitasimama kati yenu, na basi utapanda. Lakini hutapanda basi ukiwa umemwacha mtu amebeba geti lako. Hilo sitalikubali, hata ukinichukia mpaka Krismasi.

Nakujua utaniuliza, mama, kwa nini usiseme mwenyewe tu na kuniepushia aibu. Kwa sababu nilingojwa darajani nikaangalia maji. Yule aliyenipa nafasi alikuwa ndiye aliyeonewa, na mimi nikaitumia kuvaa gauni lake. Ningependa wewe upewe yako na mtu anayeweza kukulazimisha, ndiyo usije ukaizungusha miaka ishirini na kitu ukishonea watu mabega. Hiyo kazi inachosha, mwanangu. Mtu analala nayo na kuamka nayo, anakuwa mkali bila sababu, anawafokea watoto kwa vikombe. Umewahi kuniuliza kwa nini nilikuchapa ulipomsingizia mtoto wa jirani ile kalamu. Sasa umejua nilikuwa namchapa nani.

Gauni nimelichukua shuleni jana. Mwalimu alishangaa, akasema watacheza na nini. Nimemwambia nitawashonea jingine, wala sikueleza. Liko hapa mbele yangu, maua yamefifia, viraka vyangu vinaonekana. Kesho ukishapanda basi, mimi navuka daraja kwa miguu nalo, niende Tororo nimwambie Apio kwamba mama anajua. Sijui kama atalipokea. Sijui hata kama bado yuko pale sokoni.

Jua linashuka, nafunga duka. Nilifikiri nikuwekee barua hii kwenye begi, uisome njiani. Nikaona hiyo nayo ni kuvusha. Ukiisoma Nakuru, Nabwire atakuwa ameshafika kwao.

Kwa hivyo naenda kuiweka getini, imekunjwa, chini ya kufuli, pale kwenye jiwe. Nabwire nitamwambia apumzike leo, asiliguse geti. Utakaporudi kutoka kwa tata utaikuta hapo. Isome ukiwa umesimama nje. Kisha ingia, tunakungoja mezani tule sote wanne, na Nabwire ameketi nasi. Leo geti unafunga wewe.

Mama yako,
niliyesikia mnyororo.